Wabuge Wawili Katika Kitabu cha Babu

Langas, Eldoret
Jumapili, 9 Novemba 2025

Ronnie wangu, taa ya nyumba yangu,

Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu tufunge ndoa, na ya tisa tangu upande lori la kampuni kwenda Turkana kusimamisha nguzo za umeme. Jana nilipika ugali wa watu wawili. Niliumaliza wote, nikajiambia nusu moja nimekulia wewe. Ukirudi unikute nimenenepa, ujue ni mapenzi.

Umesema simu huko zinakatika lakini barua inapita ukipanda kile kilima. Basi faili hii niliyoifungua mtandaoni ndiyo sanduku letu la posta. Wewe andika humu, nami niandike humu, na ufunguo tunao sisi wawili tu. Nikiona jina lako limetokea pembeni kwamba umeingia, moyo unaruka kama mtoto aliyesikia mlango ukigongwa!

Sasa habari kubwa. Hulda, mwenye ofisi ya kuchapa ninakofanya kazi, ametuletea chombo kipya. Zamani kupanga hati ya mtandaoni ilikuwa kuvuta mstari mmoja mmoja mpaka shingo iume. Siku hizi unaandika maneno ya kawaida, kama unavyomtuma mtu: panga vichwa, nyoosha jedwali, weka nambari za kurasa. Wakala wa AI anaingia mwenyewe ndani ya hati na unaona herufi zikihama mbele ya macho yako. Tunamwita Fundi. Juzi nilimfungulia faili hii yetu kimakosa, akayapa mabusu yangu ya mwisho kichwa cha habari: "Sehemu ya 3: Hitimisho." Nilicheka hadi Hulda akaniuliza kama naumwa. Nimemfungia mlango, humu haingii tena.

Na kuna jingine. Tarehe sita Desemba Babu Wepukhulu anatimiza miaka tisini, na shukrani itafanyika nyumbani Ziwa. Kijitabu cha siku hiyo, chenye maisha ya Babu na majina ya watoto na wajukuu wa nyumba zote mbili, mama yako ameniachia mimi! Mimi, mke wa juzi! Lakini ameniambia pia jambo la kuogopesha. Kukhu Namalwa, nyanya yenu wa pili na bibi mdogo wa Babu, na watoto wake wa Sugoi hawajakanyaga Ziwa miaka kumi na moja, tangu mazishi ya Kukhu Nakhumicha, bibi mkubwa. Siku hiyo majina ya nyumba yao yalirukwa kwenye karatasi ya mazishi, na wao wanasema aliyeishika karatasi alikuwa mama yako. Safari hii wamekubali kuja, ila kwanza wanataka kukiona kijitabu. Babu aliniambia kwenye simu, "Mjukuu, niandikie watu wangu vizuri. Nataka kuwaona wote mahali pamoja nikiwa bado nawajua."

Nitaandika vizuri. Kama siwezi kuandika majina, basi nilienda shule kufanya nini?

Nakupenda asubuhi, mchana, na wakati wa chai ya saa nne.

Mke wako (bado nasikia raha kuliandika neno hili!),
Nangila


Kambini, Turkana
Jumatano, 12 Novemba

Nangila,

Barua yako nimeisoma juu ya kilima, mashahidi wakiwa mbuzi wawili. Nimeirudia mara nne. Mara ya nne mwenzangu Kigen alipiga kelele kutoka chini, "Shuka bwana, hata mahubiri hayachukui muda huo!"

Sijui kuandika kama wewe. Huku ni jua na waya. Huwa nakufikiria nikiwa juu ya nguzo, na hilo si jambo salama.

Kuhusu kijitabu, naomba kitu kimoja. Nyumba ya Kukhu Namalwa iandikwe yote. Usiruke mtu. Iko siku nitakueleza kwa nini nimelitilia mkazo.

Mume wako,
Ronnie


Langas
Jumapili, 16 Novemba

Ronnie wangu, asali isiyoisha kwenye mtungi,

Nimemaliza! Majina thelathini na manane niliyaandika Jumanne, moja baada ya jingine, kutoka kwenye daftari ya Babu. Leo baada ya ibada nilipita ofisini, nikamwambia Fundi, "Panga kijitabu hiki kiwe safi, ondoa makosa, kipendeze." Dakika chache tu, Ronnie! Jedwali limenyooka kama mistari ya mahindi ya mtu mwenye trekta. Picha ya Babu katikati, maua pembeni. Hulda ameniambia akipata wasichana watatu kama mimi atafungua tawi Kitale.

Na sikutuma kienyeji. Nilimpigia Mama kwanza nimsomee, maana miwani yake imevunjika. Sasa unajua kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, na ndugu wote wa baba yako ni baba wakwe zangu. Basi kila nilipofika kwa mwanaume wa rika hilo nikasema, "Hapa ni Baba," kisha "na hapa Baba," kisha "Baba tena." Mama akawa anaitikia, "Sawa, endelea." Tulicheka mpaka machozi. Ameniambia nimelelewa vizuri. Mama mkwe kusema hivyo!

Saa nane mchana nimekituma kwenye kundi la WhatsApp la familia yote, Ziwa na Sugoi. Sasa nimekaa kitandani na simu mkononi nikisubiri sifa. Unasikia harufu ya shati lako? Nimelivaa.

Wako hadi nywele ziote mvi na zaidi,
Nangila


Langas
Jumanne, 18 Novemba

Mpenzi wangu,

Hapa kuko salama. Mvua imekatika na watu wanavuna. Kijitabu kina marekebisho madogo tu. Kundi la familia lina maneno mengi siku hizi, usijisumbue kulifungua, nasikitikia kifurushi chako cha data. Na kama kuna mtu atakupigia, mwambie uko juu ya nguzo.

Nakupenda. Nakupenda sana. Nakupenda.

Nangila


Kambini
Jumatano, 19 Novemba

Nangila,

Nimelifungua.

Unajua Babu alikuwa na baba aliyeitwa Wabuge. Kila nyumba ilimpa mtoto mmoja jina hilo, kama ilivyo desturi yetu, ili mzee asipotee. Kwa hiyo kuna Wabuge wa Ziwa, ambaye ni baba yangu, na kuna Wabuge wa Sugoi, mtoto wa kwanza wa Kukhu Namalwa. Kwenye kijitabu chako yuko Wabuge mmoja. Wa Sugoi hayupo. Watoto wake umewaweka chini ya baba yangu kama mayatima walioletwa na msamaria.

Mama Musimbi, mke wa Baba Wabuge wa Sugoi, amenipigia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Mara ya kwanza tulisema ni bahati mbaya. Mwambie Babu tunamtakia maisha marefu. Hatutakuja."

Nijibu ukweli, hata kama ni mchungu. Ni mama yangu aliyekuambia umtoe?

Na kwa kuwa mimi nataka ukweli, huu hapa wangu. Nilipomaliza kidato cha nne baba alitaka nibaki shambani. Nikamdanganya nimepata kazi ya kuuza nguo Kitale. Sikwenda Kitale. Nilikwenda Sugoi, nikakaa miezi minane kwa Baba Wabuge, na yeye ndiye aliyenifundisha umeme. Nguzo yangu ya kwanza alisimama chini yake kutwa nzima ameshika kamba, mvua ikimnyeshea. Hakuna mtu Ziwa anayejua. Hata wewe nilikunyamazia, nikaona ni siri ya wazee, itakufa yenyewe.

Huyo ndiye mtu aliyefutwa.

Ronnie


Langas
Alhamisi, 20 Novemba

Ronnie,

Nimelia, nimenawa uso, nimekaa kuandika. Nitakueleza bila kupamba.

Si mama yako. Hana kosa hata moja. Mimi niliwaandika Wabuge wote wawili, kila mmoja nyumbani kwake. Fundi ndiye aliyeona jina limetokea mara mbili, na majina ya baba na babu yao yanafanana pia, akadhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Akamwondoa mmoja na kuwahamisha watoto.

Hapo ningeweza kumaliza barua, na wewe ungemlaumu Fundi tukaendelea na maisha. Hivyo ndivyo nilivyopanga kufanya Jumanne nilipokuandikia yale maneno matupu. Lakini hakufanya kimyakimya. Aliniuliza. Pembeni mwa ukurasa aliweka maswali kumi na moja, na la saba lilikuwa hili: "Jina hili linajirudia. Niondoe moja?" Chini yake kulikuwa na kitufe cha kukubali yote kwa mara moja. Nilikibonyeza bila kusoma hata swali moja.

Unajua kwa nini? Nilikuwa na haraka nije nikuandikie wewe. Kichwani nilikuwa tayari na "asali isiyoisha kwenye mtungi" na niliogopa itaniponyoka.

Halafu nikamsomea Mama "Baba, Baba, Baba." Angejuaje kwamba Baba mmoja amepungua? Heshima yangu ilimficha mtu kabisa.

Nilimuuliza Hulda kwa nini chombo cha maana namna hii kikose akili ya kujua kwamba ndugu wawili wanaweza kuwa na jina moja. Akanijibu, "Ulimwambia aondoe makosa. Hukumwambia kwenu kosa ni nini. Usichomwambia anakisia, na yeye hajazaliwa Ziwa."

Jumamosi nakwenda Sugoi. Mama amenikataza, anasema watanifukuza na mbwa. Nitakwenda.

Asante kwa kuniambia siri yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nangila


Langas
Jumamosi, 22 Novemba, saa kumi na moja jioni

Ronnie wangu,

Nimerudi. Mbwa walikuwepo lakini walilala.

Nilimkuta Kukhu Namalwa ameketi kwenye turubai la mahindi, anapukuchua, na Mama Musimbi kando yake. Nilipiga magoti kusalimia. Kukhu hakuinua macho.

"Wewe ndiwe wa kompyuta?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Umekuja kuhesabu tumebaki wangapi?"

Nikatoa simu nikawaonyesha. Hati hizi za mtandaoni zinaweka historia yake yote, Ronnie, nani aliandika nini na saa ngapi. Niliwaonyesha Jumanne ile nilipoyaandika majina, saa tano na dakika kumi: Wabuge wa Sugoi yupo, na watoto wake wote. Kisha Jumapili saa saba: mstari mwekundu umempitia, na pembeni jina la chombo.

Mama Musimbi aliangalia, akacheka puani. "Eti mashine. Juzi karatasi, leo mashine. Nyinyi watu wa Ziwa hamkosi wa kusingizia."

Ronnie, maneno yale yalinikata. Nilikuwa nimebeba historia ile kama kitambulisho cha kunitoa jela, na alisema kweli. Nikarudisha simu mfukoni.

"Mashine iliniuliza, Mama," nikasema. "Iliniuliza kama imtoe, nikaikubalia bila kusoma. Ni mimi."

"Kwa nini hukusoma?" Sasa Kukhu alikuwa ananiangalia.

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka kumwandikia Ronnie barua."

"Barua ya nini, na mmeoana majuzi?"

"Ya… ya mapenzi, Kukhu."

Gunzi lilimponyoka Mama Musimbi mkononi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho na lesso. "Yaani mume wangu amefutwa kwa sababu ya busu!"

Kukhu hakucheka. Aliweka hindi chini polepole. "Miaka kumi na moja," akasema, "nimengoja mtu mmoja kutoka Ziwa afike hapa aseme 'ni mimi.' Nilidhani atakuwa na mvi. Leta kiti."

Tumekaa hapo mpaka saa tisa. Nilikwenda na majina tu. Yeye alinipa watu. Ulijua kwamba Babu alipofika Ziwa kutoka Bungoma aliumwa, na Kukhu Namalwa ndiye aliyelima ekari ile ya kwanza akiwa na mimba? Haimo kwenye daftari ya Babu. Sasa imo.

Na Baba Wabuge mwenyewe alikuwepo! Alikuwa nyuma ya ghala la mahindi, na kwa heshima ya mkwe na mkamwana hakutokea, nami sikugeuka. Lakini alikuwa akisikia kila kitu. Mara sauti ikatoka kule: "Mama, mwambie mke wa Ronnie mimi ni wa mwaka sitini na nane, si sabini." Kukhu akaniambia, "Anasema sitini na nane." Nami nikasema, "Mwambie Baba nimeandika." Tukaendelea hivyo, Kukhu katikati kama posta, na sisi sote tunasikiana vizuri kabisa!

Mwishowe Baba akasema, "Mwambie aandike kwamba nilimfundisha mtu mmoja kupanda nguzo."

Kukhu akauliza, "Nani?"

Sauti ikajibu, "Anayejua anajua."

Sikuandika, Ronnie. Si siri yangu. Baba yako atakisoma kijitabu hiki mbele ya watu wote. Niambie wewe.

Kama watakuja? Kukhu alisema nimtumie kijitabu kwanza. Hakusema zaidi.

Mke wako anayenuka mahindi mapya na anayekupenda,
Nangila


Kambini
Jumapili, 23 Novemba

Nangila,

Andika. Na jina langu uliandike kamili, lisisomeke "mtu mmoja."

Nimempigia mama nikamwomba radhi kwa nilichomfikiria. Aliniambia karatasi ile ya mazishi alipewa imeshachapwa, akaisoma kama ilivyo kwa sababu alikuwa analia. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Nami sikuwahi kumuuliza.

Ruhusa nimenyimwa mpaka nguzo ya mwisho isimame. Utaniwakilisha.

Niliposoma kwamba uliwaambia "ni mimi," nilishuka kilima nikiwa sioni njia vizuri. Kigen aliuliza kama ni vumbi. Nikasema ndiyo.

Wako,
Ronnie


Langas
Jumapili, 7 Desemba

Ronnie, Ronnie, Ronnie wangu,

Nianzie wapi? Nianzie ofisini. Kijitabu nilikipanga upya na Fundi huyuhuyu, wala simchukii. Safari hii nilimweleza sisi ni nani: "Usiondoe jina lolote. Wenye jina moja hapa ni watu wawili, na jina hilo walipewa makusudi. Nyumba mbili zipate kurasa sawa. Kila unapotaka kugusa mtu, niulize." Aliniuliza mara thelathini na nane, nikajibu mara thelathini na nane. Kazi ya dakika chache ikachukua jioni mbili, na sikuandika barua mpaka ilipokwisha. Halafu nilimsomea Mama tena, na mahali pa Baba nikasema, "Baba wa Ziwa," "Baba wa Sugoi." Mama akasema, "Ngoja. Rudia huyo wa Sugoi." Nikarudia.

Kukhu Namalwa nilimtumia. Hakujibu. Siku kumi, Ronnie, hata neno moja.

Jana saa nne maombi yakaanza. Viti vya upande wa kushoto, vya watu wa Sugoi, vilikuwa vitupu. Mama alikuwa anavipangusa vumbi ambalo halipo. Saa tano, wimbo wa pili, nikasikia gari likizima kwenye lango. Hawakuja wote. Wawili kati ya watoto wa Kukhu wamekataa kabisa, na sitakudanganya, nafasi zao zilionekana. Lakini Kukhu alishuka na kitambaa cha kichwa cha zambarau, na Mama Musimbi, na wajukuu saba, na nyuma yao Baba Wabuge wa Sugoi ameshika kofia mkononi. Mama yako alimfuata Kukhu mpaka njiani. Sijui walisemezana nini. Nilichoona ni Mama akichukua mkoba wa Kukhu na kuubeba yeye.

Baba yako alikuwa amekaa anasoma kijitabu. Nilikuwa nagawa soda, nikaona amefika ukurasa wa tisa, penye jina lako na nguzo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Kisha akainuka akaenda upande wa kushoto kwa ndugu yake. Nilijifanya nakusanya chupa ili nisikie. Nisamehe.

"Ronnie alipita kwako?"

"Alipita."

"Miezi minane?"

"Minane."

"Na hukuniambia."

"Ungemkataza."

Baba yako alikunja kijitabu. "Ningemkataza," akasema. Kisha akavuta kiti cha pili akakaa hapohapo. Hakurudi mahali pake tena.

Ikafika zamu ya majina. Kim, mshereheshaji wa siku hiyo, msema chochote mwenyewe, ndiye aliyekuwa anasoma, na Babu ameketi mbele, kiganja nyuma ya sikio asikose hata mmoja. Kila aliyetajwa alisimama akaitika. Kim akafika: "Wabuge!"

Wakasimama wawili pamoja. "Naam, Baba!" Sauti zile, Ronnie, ungedhani ni mtu mmoja! Wakaangaliana. Wa Sugoi akaona labda si zamu yake, akaanza kukaa. Baba yako akamshika kiwiko, akamzuia.

Babu akageuza kichwa. "Wameitika wangapi?"

"Wawili, Mzee," Kim akasema.

"Soma tena."

Kim akadhani anaambiwa amekosea. "Mzee, nimesoma sawa, imeandikwa hapa."

"Najua umesoma sawa," Babu akasema. "Soma tena nisikie."

Akasoma tena.

Wako, wako, wako,
Nangila